Maktaba ndogo ya hifadhidata inaposumbua: dalili, visababishi na tiba

Umeandika maktaba ndogo ya Python inayorahisisha kazi na SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja), msimbo wake umeuacha wazi kwa wote, watu wameanza kuitumia, na sasa ripoti zinaingia. Nyingi zinasema tu "haifanyi kazi". Mwongozo huu unapitia dalili zinazojirudia kwenye maktaba za aina hii na kuonyesha pa kutazama kwanza.

Msimamo wangu utauona kote: sehemu kubwa ya taabu hizi haitoki kwa SQLite yenyewe. Inatoka pale maktaba ilipomwamulia mtumiaji jambo bila kumwambia, kisha ikameza ujumbe ambao ungemwelekeza. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kisababishi chochote, pitia msimbo wako. Kuna mahali umekamata `sqlite3.Error` ukarudisha `None` au orodha tupu? Paondoe. Kama maktaba ina hitilafu zake zenye majina yake, ziambatanishe na ile ya asili kwa `raise ... from e`, ili maneno ya SQLite yamfikie mtumiaji jinsi yalivyo.

Kisha kila anayeripoti mwombe vitu vitatu: toleo la Python, toleo la SQLite, na ujumbe wote wa hitilafu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Toleo la SQLite linapatikana kwa `sqlite3.sqlite_version`. Usiridhike na jibu la "natumia Python mpya", kwa sababu Python mpya inaweza kuwa imeunganishwa na SQLite ya zamani iliyokuja na mfumo wa kompyuta.

## "database is locked"

Hii ndiyo malkia wa malalamiko, na hutibiwa vibaya kuliko zote. Dawa ya haraka ni kuongeza muda wa kusubiri. Wakati mwingine inasaidia. Mara nyingi haigusi ugonjwa wenyewe.

Anza na swali moja: hitilafu ilitokea baada ya kusubiri, au papo hapo?

Kama ilisubiri kwanza (chaguo-msingi la Python ni sekunde 5), basi kuna mwandishi mwingine aliyeshika kufuli muda wote huo. SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja kwenye faili moja, na hali ya WAL (Write-Ahead Logging, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) haibadilishi hilo. WAL inachofanya ni kuwaacha wasomaji waendelee wakati mwandishi anaandika. Mtafute aliyeshika kufuli. Mara nyingi ni muamala (kundi la mabadiliko yanayokamilika yote kwa pamoja au kutokamilika kabisa) uliofunguliwa, katikati yake programu ikaenda kuita huduma ya mtandaoni au kusubiri jibu la mtu, na ndipo ikarudi kukamilisha. Au ni muamala ambao hakuna aliyejua kuwa umefunguliwa: kwa mpangilio wake wa kawaida, moduli ya `sqlite3` huanzisha muamala yenyewe kabla ya INSERT, UPDATE, DELETE na REPLACE. Mtumiaji akiandika rekodi moja na kusahau `commit()`, kufuli linabaki mkononi mwake hadi muunganisho ufungwe.

Kama hitilafu ilitokea papo hapo, hata ukiweka muda wa kusubiri wa dakika nzima hutaona tofauti. Hapa kisababishi ni kingine kabisa. Amri ya `BEGIN` peke yake haichukui kufuli lolote. Muamala unaanza kama msomaji, halafu unapokutana na amri ya kwanza ya kuandika unajaribu kupanda cheo. Chukua hali ya WAL: muamala wako umesoma salio la akaunti, na kabla hujaandika, muunganisho mwingine umeandika na kukamilisha. Sasa picha ya data uliyonayo imepitwa na wakati. SQLite haiwezi kukuruhusu uandike juu ya picha ya zamani, na kusubiri hakutaifanya iwe mpya, kwa hiyo inakataa hapohapo. Kuanzia Python 3.11 hitilafu hubeba `sqlite_errorcode` na `sqlite_errorname`. Ukiona 517, yaani `SQLITE_BUSY_SNAPSHOT`, umempata mhusika.

Tiba ni kutangaza nia ya kuandika tangu mwanzo:

```python
conn = sqlite3.connect(njia, isolation_level=None, timeout=10)

@contextmanager
def muamala(conn):
    conn.execute("BEGIN IMMEDIATE")
    try:
        yield conn
        conn.commit()
    except BaseException:
        conn.rollback()
        raise
```

`isolation_level=None` inaizuia moduli isikufungulie miamala kwa siri; kuanzia hapo maktaba yako ndiyo inayoamua. `BEGIN IMMEDIATE` inachukua kufuli la kuandika kabla hujasoma chochote, kwa hiyo foleni inapangwa mlangoni na muda wa kusubiri unaanza kuwa na maana. Kwa maktaba nyepesi, naamini muamala wa kuandika unapaswa kuwa hivi bila mtumiaji kuomba, na ule wa kusoma tu uwe na jina lake tofauti.

Usichanganye ujumbe huu na "database table is locked". Huo ni `SQLITE_LOCKED`, na kwa kawaida mgomvi yuko ndani ya muunganisho uleule: unafuta jedwali wakati SELECT juu yake haijamaliza kusomwa. Maliza kusoma au funga kasa (cursor, kitu kinachosoma majibu ya SELECT), kisha endelea.

## "Nimehifadhi, lakini nikifungua tena hamna kitu"

Cha kwanza ni `commit()` iliyosahaulika. Muunganisho ukifungwa huku muamala uko wazi, mabadiliko yote yanarudishwa nyuma bila neno. Hapa kuna mtego wa Python wenyewe: `with conn:` hukamilisha muamala, lakini haifungi muunganisho. Watu wanaotoka kwenye kazi za mafaili hutarajia vyote viwili. Kama maktaba yako ina `with`, eleza wazi inafunga nini.

Cha pili, na hiki huwapotezea watu siku nzima, ni faili tofauti. Ukimpa `sqlite3.connect` njia ya faili lisilokuwepo, haikatai. Inafungua hifadhidata mpya, tupu. Programu ikiendeshwa kutoka folda nyingine, njia fupi kama `data.db` inaelekea kwingine, na mtumiaji anaona "no such table" akidhani data yake imefutwa. Kwa kufungua hifadhidata inayotakiwa kuwepo tayari, tumia `sqlite3.connect("file:data.db?mode=rw", uri=True)`, ambayo hukataa kama faili halipo. Kuunda hifadhidata mpya kuwe kitendo cha makusudi. Na kwenye ujumbe wa hitilafu, andika njia kamili ya faili. Mstari huo mmoja hujibu ripoti nyingi kabla hazijatumwa.

Kwenye majaribio ya msimbo, dalili hiyohiyo ina kisababishi kingine: kila muunganisho wa `:memory:` ni hifadhidata yake peke yake. Ukiunda majedwali kwenye muunganisho mmoja na jaribio likafungua wa pili, halitaona chochote.

Cha mwisho ni nakala iliyokatika. Katika hali ya WAL, miamala iliyokamilika karibuni inaweza kuwa bado imo kwenye faili la jirani lenye jina linaloishia na `-wal`. Mtu akinakili faili kuu peke yake, amebeba data ya jana.

## Ni polepole

Uliza kwanza: kuandika au kusoma?

Kuandika kukiwa polepole, hesabu miamala, usihesabu rekodi. Kila muamala unapokamilika, SQLite husubiri diski ithibitishe kwamba data imekaa salama. Maelezo rasmi ya SQLite yanatoa mfano wa diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika: inawezesha takriban miamala 60 kwa sekunde, ilhali INSERT zilizokusanywa ndani ya muamala mmoja zinaweza kufika 50,000 kwa sekunde au zaidi kwenye kompyuta ya kawaida. Diski za kisasa zimepunguza pengo hilo, hazijaliondoa. Maktaba ambayo `weka()` yake hufungua na kukamilisha muamala kila inapoitwa itaonekana nzito hata ikiwa na mistari mia mbili tu ya msimbo. Mpe mtumiaji `weka_nyingi()` inayotumia `executemany` ndani ya muamala mmoja.

Kuna wanaotibu jambo hili kwa `PRAGMA synchronous=OFF` ndani ya maktaba (PRAGMA ni amri ya kubadili au kukagua mipangilio ya SQLite; hii huiambia isisubiri diski). Tafadhali usifanye hivyo. Umeme ukikatika, faili linaweza kuharibika, na mtumiaji hakuwahi kuulizwa kama anakubali. Katika hali ya WAL, `synchronous=NORMAL` ni njia ya kati yenye heshima: faili haliharibiki, ingawa miamala ya mwisho kabisa inaweza kupotea umeme ukikatika. Hata hiyo iandike kwenye maelezo ya maktaba.

Kusoma kukiwa polepole, tanguliza `EXPLAIN QUERY PLAN` mbele ya SELECT. Ukiona `SCAN`, jedwali linapitiwa lote; ukiona `SEARCH ... USING INDEX`, faharasa inatumika. Maktaba ikiwa na njia rahisi ya kuonyesha mpango huo, watumiaji watajitibu wenyewe.

## Hitilafu za vigezo

"Incorrect number of bindings supplied. The current statement uses 1, and there are 5 supplied." Mtumiaji anaapa kwamba ametuma kigezo kimoja. Anasema kweli: ametuma neno moja lenye herufi 5. Aliandika `tafuta("... WHERE jina = ?", jina)` badala ya `(jina,)`, na kwa Python neno ni mfuatano wa herufi. Herufi zikiwa moja tu, hitilafu haitokei kabisa, ndiyo maana jambo hili hupenya majaribio yanayotumia data ya "a" na "b". Weka ukaguzi mlangoni: vigezo vikija kama `str` au `bytes`, kataa kwa ujumbe unaosema afanye nini.

"too many SQL variables" hutokea kwenye orodha ndefu ndani ya `IN (...)`. Kikomo cha kawaida kilikuwa 999 hadi SQLite 3.32.0 ya mwaka 2020 ilipokipandisha kuwa 32766. Ndiyo maana kwako inapita na kwa mwenzako inagoma. Gawanya orodha mafungu ya 500 na usonge mbele.

Kimya ni kibaya kuliko hitilafu. Alama ya `?` haiwezi kushika jina la jedwali wala la safu, kwa hiyo maktaba hulazimika kuyaandika majina ndani ya amri yenyewe, na wengi huyafunga kwa alama mbili za nukuu. Hilo ni sahihi, mradi nukuu iliyo ndani ya jina iandikwe mara mbili. Ila SQLite ina tabia ya kale: jina lililo ndani ya nukuu hizo lisipolingana na safu yoyote, inalichukua kama maandishi ya kawaida. Sema safu inaitwa `hali`, na mtumiaji amekosea:

```sql
SELECT * FROM kazi WHERE "hail" = 'wazi'
```

Hakuna hitilafu. SQLite inalinganisha neno "hail" na neno "wazi", hayafanani, na majibu ni sifuri. Mtumiaji atatafuta kosa kwenye data yake hadi usiku. Kuanzia Python 3.12 unaweza kuizima tabia hiyo kwa `conn.setconfig(sqlite3.SQLITE_DBCONFIG_DQS_DML, False)`. Kwa matoleo ya nyuma, soma majina ya safu kwa `PRAGMA table_info` na uyalinganishe kabla ya kujenga amri.

## Sifuri za mwanzo zimepotea

Mtumiaji ameandika "00457" na amesomewa 457. Tazama tamko la jedwali: utakuta safu imetangazwa `STRING`. SQLite haina aina yenye jina hilo. Inakisia mwelekeo wa safu kwa kutafuta vipande vya maneno ndani ya tamko: ikiona INT inaelekea namba kamili, ikiona CHAR, CLOB au TEXT inaelekea maandishi. `STRING` haina hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo inaangukia NUMERIC, na maandishi yanayofanana na namba yanageuzwa namba. Kwa kanuni hiyohiyo, `FLOATING POINT` inahesabiwa kuwa namba kamili kwa sababu neno POINT linaishia na INT.

Kama maktaba yako huunda majedwali kutokana na aina za Python, tengeneza orodha fupi isiyo na ubunifu: `str` iwe TEXT, `int` iwe INTEGER, `float` iwe REAL, `bytes` iwe BLOB. Panapowezekana ongeza `STRICT` mwishoni mwa tamko, iliyoingia kwenye toleo 3.37.0 mwaka 2021. Nayo hukataa data ya aina isiyofaa badala ya kuihifadhi kimyakimya. Tarehe hazina aina yake, na vigeuzi vya tarehe vilivyokuja na Python havipendekezwi tena kuanzia 3.12, kwa hiyo maktaba iwe na vyake.

## Funguo za kigeni hazizuii kitu

Funguo za kigeni huhakikisha kwamba rekodi inayorejelea jedwali jingine inaelekea kwenye rekodi iliyopo kweli. Ili zifanye kazi, `PRAGMA foreign_keys=ON` inahitajika kwenye kila muunganisho mpya, na haina athari ikitolewa ndani ya muamala ulio wazi. Iweke mara tu baada ya `connect`. Kumbuka `journal_mode=WAL` ni kinyume chake: ukiiweka mara moja, inabaki ndani ya faili hata likifunguliwa na programu nyingine, kwa hiyo usimbadilishie mtu faili lake bila ruhusa. Data mbovu iliyokwisha kuingia utaipata kwa `PRAGMA foreign_key_check`.

## "database disk image is malformed"

Hapa simamisha kila kitu. Usiruhusu mtu ajaribu "kurekebisha" kabla ya kunakili faili kuu pamoja na lile la `-wal` au `-journal`, programu zote zikiwa zimefungwa. Kufuta faili la `-journal` ili "kusafisha" ni njia ya uhakika ya kuua hifadhidata iliyokuwa inaweza kujiponya. Baada ya kunakili, endesha `PRAGMA integrity_check` juu ya nakala, na kama imeharibika kweli, programu ya mstari wa amri ya SQLite ina `.recover` inayookoa kinachookoleka.

Kisha tafuta kisababishi, na uanzie ndani ya maktaba yako. Kuna kimoja ambacho waandishi wa maktaba ndogo hawakifikirii. Kwenye Linux na macOS, SQLite hutumia makufuli ya POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix), na makufuli hayo yana kanuni ya ajabu: mchakato ukifunga faili, hata kama ulilifungua upya kwa kazi nyingine kabisa, makufuli yote ya mchakato huo juu ya faili hilo yanaachiwa. SQLite yenyewe inajua hilo na inajihadhari. Haiwezi kujua kwamba wewe umefanya hivi:

```python
def ni_sqlite(njia):
    with open(njia, "rb") as f:
        return f.read(16) == b"SQLite format 3\x00"
```

Funksheni hii ni sahihi kabisa, ila ikiitwa wakati muunganisho wa faili hilohilo uko katikati ya muamala ndani ya mchakato uleule, `with` inapofunga faili inaondoa kufuli chini ya miguu ya SQLite. Mchakato mwingine sasa anaweza kuingia na kuandika. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Siku moja kinatokea, na hutakirudia kwenye mashine yako. `shutil.copy` kwa ajili ya nakala rudufu ina hatari hiyohiyo, tena inaweza kunakili faili lililo katikati ya kuandikwa. Tumia `conn.backup()`, iliyopo tangu Python 3.7, au `VACUUM INTO`. Na ukaguzi wa baiti za mwanzo ufanye kabla ya kufungua muunganisho wowote.

Kingine ni `fork`. Muunganisho uliofunguliwa kabla ya mchakato kugawanyika haupaswi kutumiwa na mtoto. Hifadhi `os.getpid()` unapofungua, ilinganishe kabla ya kila matumizi, na ikitofautiana kataa kwa sauti. Nje ya maktaba, uliza kama faili liko kwenye folda ya mtandao: makufuli huko hayaaminiki, na WAL haifanyi kazi kati ya kompyuta mbili kwa sababu inahitaji kumbukumbu ya pamoja.

## Faili la `-wal` linakua bila kukoma

Kwa kawaida SQLite hujaribu kurudisha yaliyomo kwenye faili kuu kila WAL inapofikisha kurasa 1000, karibu MB 4 kwa kurasa za baiti 4096. Haiwezi kumaliza kazi hiyo kama kuna msomaji anayeshikilia picha ya zamani. Kwenye maktaba, msomaji huyo huwa ni jenereta: funksheni inayotoa rekodi moja moja kwa `yield`, mtumiaji akachukua ya kwanza na kuiacha njiani. Rudisha orodha kamili kama chaguo-msingi, na jenereta iwe ya anayeiomba.

## "SQLite objects created in a thread..."

Jibu la haraka ni `check_same_thread=False`. Linaondoa ujumbe na kuleta kitu kigumu zaidi kukiona: muamala ni wa muunganisho, si wa uzi (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu). Uzi wa kwanza ukiwa katikati ya muamala, uzi wa pili ukiita `commit()` unakamilisha kazi nusu ya mwenzake. Fungua muunganisho mmoja kwa kila uzi kupitia `threading.local`, kuufungua ni rahisi.

## "Kwangu inafanya kazi"

`near "RETURNING": syntax error` maana yake ni SQLite iliyo nyuma ya 3.35.0 ya mwaka 2021. `ON CONFLICT ... DO UPDATE` inahitaji 3.24.0 ya mwaka 2018. Chagua toleo la chini kabisa unaloliunga mkono, liandike kwenye maelezo, na `import` ilikague kwa `sqlite3.sqlite_version_info` ili kukataa kuje mapema badala ya katikati ya kazi ya mtu. Majaribio yanayojiendesha nayo yapite kwenye toleo hilo la chini, si kwenye jipya peke yake.

Ripoti ikishathibitika, andika kwanza jaribio linaloanguka kwa kisababishi ulichokipata, ndipo urekebishe. Kwa zile za kufuli, jaribio lifungue miunganisho miwili kwenye faili halisi ndani ya folda ya muda. `:memory:` haitakuonyesha ugomvi wowote.